Kidonda Kina Anwani

Haya ni maneno niliyosema Jumamosi iliyopita hapa Kisumu, kwenye kikao cha wauguzi, maafisa wa kliniki, nyamrerwa wa mitaani na viongozi wa vijana. Wengi mliomba niyaandike. Nimeyaweka karibu vile yalivyotoka mdomoni. Ukimaliza kusoma, mtumie muuguzi unayemjua.

 

Kwanza niseme ukweli, mimi si daktari. Nina diploma ya maendeleo ya jamii, na kazi yangu ni ya miguu: Manyatta, Nyalenda, Obunga, Bandani, narudi tena Manyatta. Kwa hivyo msiwe na wasiwasi, sijaja kumfundisha mtu kushona kidonda. Nimekuja kuomba kitu kidogo kinachochukua dakika mbili kabla ya mgonjwa kutoka mlangoni. Lakini nikiomba tu hivyo mtasema huyu kijana ametuletea kazi nyingine juu ya kazi. Kwa hivyo acheni niwaeleze nilikokitoa.

Nyumbani kwetu ni Port Victoria, kule Bunyala, karibu na pale mto Nzoia unapoingia ziwani. Miaka kadhaa iliyopita mtoto wa mama yangu mdogo alikatwa panga begani usiku, ufuoni. Ugomvi ulikuwa wa nyavu. Wenye kukaa kando ya ziwa wanajua, wavu ukipotea ni mtaji wa nyumba nzima umepotea. Tukamkimbiza kituo kimoja cha afya. Muuguzi aliyekuwa zamu alikuwa peke yake, na alikuwa mtu mzuri sana. Akamsafisha, akamshona, akampa dawa, akaandika kwenye rejista: jeraha la kukatwa. Tukashukuru, tukaenda nyumbani.

Hakuna aliyemuuliza umekatiwa wapi. Hakuna aliyemuuliza hao watu bado wako pale. Hata sisi jamaa hatukuuliza, tulikuwa tunahesabu pesa za dawa.

Wiki mbili baadaye watu walewale walimpata mahali palepale. Safari hii ilikuwa mkono. Leo yuko hai, alhamdulillahi, lakini mkono wake wa kulia haushiki wavu. Marafiki zake hawakungoja polisi. Walivuka usiku wakalipiza, na kijana mmoja wa upande ule akazikwa. Mama yake hakuwa na habari ya wavu wala ya nani alianza.

Baadaye nilikaa na mtu mmoja wa kituo kile, tukazungumza. Akaniambia ndani ya mwezi ule walikuwa wameshona vijana wanne kutoka ufuo ule ule. Wanne! Kila mmoja aliandikwa mstari wake: jeraha, jeraha, jeraha, jeraha. Rejista ilikuwa inajua kwamba kuna vita ufuoni. Ni vile tu hakuna mtu aliyeisoma.

Ndiyo maana nasema kidonda kina anwani. Kimetoka mahali, kimetoka saa fulani, kimetoka kwenye kitu fulani. Na kama hakuna anayeuliza, kesho kitakuja kingine kutoka mahali hapohapo.

Sasa, jambo hili si langu. Mwaka 1996 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio kwamba fujo na ukatili ni tatizo la afya ya umma, kama yalivyo maradhi mengine. Na kuna daktari mmoja wa Marekani, Gary Slutkin, ambaye masomo yake mengine aliyapata huku kwetu. Alifanya kazi Somalia wakati wa kipindupindu kwenye kambi za wakimbizi, akafanya pia kazi ya ukimwi Uganda. Aliporudi Chicago akakuta vijana wanauana kwa bunduki. Alipotazama ramani za mauaji yale, akaona kitu alichokwisha kukiona: yanajikusanya mahali pamoja, na moja linazaa lingine, kama kipindupindu. Mwaka 2000 wakaanza mradi mtaa wa West Garfield Park. Walichukua watu wanaojulikana mtaani, wengine waliokuwa kwenye magenge zamani, wakawapa kazi ya kufika haraka kwa aliyeumizwa na kwa marafiki zake kabla hawajaenda kulipiza.

Hapa Kisumu kipindupindu tunakijua vizuri. Mtu mmoja akiletwa hospitalini anaharisha maji, hamumpi tu dripu mkamwachilia. Mnauliza anakaa wapi, amekunywa maji gani, nani mwingine nyumbani anaumwa. Kesho yake nyamrerwa yuko mlangoni na dawa ya maji. Mbona aliyekatwa panga tunampa uzi na sindano peke yake?

Mfano mwingine uko Cardiff, Uingereza. Daktari mpasuaji wa mdomo na taya, Jonathan Shepherd, aligundua kwamba wengi wa watu aliokuwa akiwatengeneza taya baada ya kupigwa, polisi hawana habari nao. Akafanya jambo rahisi. Yule karani wa mapokezi ya dharura aulize maswali: umepigiwa wapi hasa, saa ngapi, na kwa kitu gani. Jina la mgonjwa halitoki hospitalini. Lakini mahali, saa na silaha vinapelekwa kwa watu wa mji wanaopanga usalama, wanakaa pamoja wanatazama: baa hii, kona hii, usiku wa siku hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kwenye jarida la BMJ ulionyesha kwamba watu wanaolazwa hospitalini kwa kupigwa walipungua kwa asilimia 42, ukilinganisha na miji mingine ya kufanana nao. Maswali matatu tu. Hawakununua mashine.

Mtu atasema, hiyo ni Uingereza, hapa kwetu wanaopiga wakati mwingine ni wenye sare. Ni kweli, na siwezi kusimama Kisumu nikazungumza juu ya fujo nikajifanya sijui hilo. Hebu tuliangalie basi, kwa sababu hapo ndipo kalamu ya mhudumu wa afya ilipofanya kazi kubwa kuliko mahali pengine.

Baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Hapa mjini maneno yalikuwa mengi: hao walikuwa wezi, hao walikuwa wanavamia polisi. Tume ilipokuja kusikiliza, watu wa hospitali yetu ya mkoa, ile tunayoiita Russia mpaka leo, walileta rekodi zao. Rekodi zilionyesha kwamba wengi wa waliopigwa risasi walipigwa kutoka nyuma. Mtu anayekimbia na mtu anayevamia hawapigwi upande mmoja. Hakuna mwanaharakati angeweza kusema hivyo akasikika. Ilisemwa na watu waliovaa koti jeupe, kwa sababu waliandika risasi iliingilia wapi na ikatokea wapi.

Halafu 2017. Usiku wa Agosti 11 kuamkia 12, baada ya matokeo ya urais kutangazwa, polisi waliingia nyumba za watu Nyalenda. Mtoto Samantha Pendo alikuwa na miezi sita. Alipigwa kichwani akiwa na mamake. Alikufa Agosti 15 akiwa hospitalini. Februari 2019, baada ya uchunguzi wa kifo kile mahakamani, hakimu Beryl Omollo aliwaona polisi na wakubwa wao kuwa wa kulaumiwa. Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akatangaza kwamba maafisa 12 watashtakiwa. Haki imetembea polepole kama kobe, na wazazi wanajua uchungu wake kuliko mimi. Lakini imetembea, kwa sababu mtoto alifikishwa hospitalini, alionwa na madaktari, na jeraha lake likaandikwa. Fikiria kama angezikwa alfajiri ile bila karatasi yoyote. Leo tungekuwa tunabishana kama aliwahi kuwepo.

Na hapa nataka nizungumze na sisi Waislamu, tuambiane bila kuoneana haya.

Sisi tunazika haraka. Ni sunna, ni heshima kwa maiti, sina neno nalo. Lakini ndugu zangu, nimesimama makaburini zaidi ya mara moja nikiona kijana aliyeuawa anashushwa kabla ya jua kuchwa, na hakuna daktari aliyemwangalia. Baada ya wiki moja familia inakuja kwetu: tusaidieni tupate haki. Tunauliza ripoti ya daktari iko wapi? Hakuna. Picha? Hakuna. Aliyeua hakuhitaji kuficha ushahidi. Tuliuzika sisi wenyewe, tena kwa dua.

Mimi si sheikh, na hapa wako masheikh wanaoweza kunirekebisha. Ninachojua ni kwamba Baraza la Fiqhi la Makka, katika kikao chake cha 1987, liliruhusu maiti kupasuliwa pale ambapo kuna jinai inayotakiwa kuchunguzwa, kwa kiasi cha haja na kwa kuheshimu mwili. Basi tukae chini mapema, si siku ya msiba, tukubaliane. Imamu awe na namba ya mochari. Familia ijue kwamba inaweza kumweka daktari wake ashuhudie. Maiti wa kike aangaliwe na wanawake panapowezekana. Na nyinyi wa mochari mtusaidie kwa upande wenu: mkijua hii ni familia ya Kiislamu, itafuteni nafasi asubuhi na mapema, msituweke siku tatu halafu mkashangaa tukikataa. Kazi ya asubuhi ikiisha, tutaosha na kuzika mchana. Haki na sunna zote mbili zitapata nafasi.

Narudi kwa walio hai, kwa sababu kuzuia ndiko tunakokutaka.

Kuna vijana mitaani kwetu ambao wakipigwa risasi au panga hawaji hospitalini. Wanajifunga shati, wanaenda kwa mtu wa duka la dawa, wanalala ndani mpaka kidonda kinaoza. Nimewauliza kwa nini. Wananijibu mambo mawili. La kwanza, nitaulizwa OB, sina. La pili, nitakamatwa kitandani.

La kwanza ni makosa, na hapa naomba tusaidiane kulisema kwa sauti. Katiba, Kifungu cha 43(2), inasema mtu hanyimwi matibabu ya dharura. Haisemi kwanza alete OB. Haisemi kwanza alete P3. Hizo ni karatasi za kesi, zitafuata. Damu kwanza. Na kwa dada zetu waliobakwa ni hivyo hivyo, tena wao saa zinawahesabia: dawa ya kuzuia HIV inatakiwa ndani ya saa 72. Fomu ya huduma baada ya ubakaji, ile ya PRC, inajazwa hospitalini bila malipo, na si lazima apitie kituo cha polisi kwanza. Kila msichana aliyezungushwa mpaka saa zikapita, ni sisi tumemwongezea jeraha la pili.

La pili ni gumu zaidi. Mhudumu wa afya si wakala wa polisi, na si wakala wa genge. Akionekana ni wa upande mmoja, upande wa pili utafia nyumbani. Juni 25, 2024, siku ya maandamano ya mswada wa fedha Nairobi, msikiti wa Jamia ulifungua milango, na madaktari wakatibu majeruhi pale ndani. Hawakuulizana dini wala kabila. Watu waliokuwa wakikimbia walijua mlango upi wa kukimbilia. Nataka wodi zetu za dharura zijulikane hivyo hivyo.

Na tusisahau kwamba wahudumu hawa wenyewe wanaumizwa. Februari 2024 Katibu Mkuu wa chama cha madaktari, Davji Atellah, alijeruhiwa kichwani na kopo la kitoa machozi kwenye maandamano ya amani Nairobi. Na huku mitaani, mara ngapi vijana wetu wamemleta mwenzao hospitalini kwa kelele, wakimtishia muuguzi kwamba akifa utatujua? Mnajua ni mara ngapi. Muuguzi akiogopa, hataandika kitu. Ataandika jeraha, atafunga rejista.

Sasa nakuja kwenye ombi langu. Nimelisema kwa wahudumu wachache kabla ya leo, na walinijibu vizuri tu: foleni ni ndefu, zamu tuko wawili, na nikiandika sana nitaitwa mahakamani nipoteze siku nzima kwa nauli yangu. Hayo yote ni kweli, sitayapuuza. Kwa hivyo nimepunguza ombi mpaka likabaki dogo.

Kwanza, maswali matatu. Umeumizwa wapi? Saa ngapi? Kwa kitu gani? Na mahali pawe mahali: usiandike Manyatta, Manyatta ni kubwa. Andika stendi ya boda gani, ufuo gani, baa gani.

Pili, jeraha lielezwe. Upande gani wa mwili, urefu, kina, limeingilia mbele au nyuma. Tarehe, saa, jina lako na sahihi inayosomeka. Mistari minne. Jaji Waki alitegemea mistari kama hiyo.

Tatu, kabla hajatoka, muulize: ukirudi, ni salama? Akisema hapana, na akikubali mwenyewe, mpigie mtu mmoja. Mtu huyo tutawapa sisi.

Kwa upande wetu, hatujaja mikono mitupu. Katika kila mtaa tumekaa na wenyeviti wa stendi za boda, wazee, mama wa vikundi, imamu na pasta, na kule ufuoni watu wa BMU. Hao ndio watakaofika usiku uleule kwa marafiki wa aliyeumizwa, kukaa nao mpaka hasira ishuke. Si kazi ya kishujaa, ni kazi ya kukaa na chai. Ukweli ni kwamba kulipiza kisasi mara nyingi hupangwa ndani ya saa chache za kwanza, na mtu akikaa nao saa hizo, mengi hayatokei. Pia daktari akiitwa mahakamani kwa kesi ya mtu wetu, tutakwenda naye. Hataachwa peke yake kwenye benchi na watu wa mshtakiwa wakimkazia macho. Na vijana, nyinyi mlio hapa, tunakubaliana leo: hospitalini hakuna anayeingia na rungu, na adui yako akiwa kitandani ni mgonjwa, si adui.

Juu ya siri nisieleweke vibaya. Hatutaki jina la mtu. Habari za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata isingekuwepo sheria, siri ya mgonjwa ni amana. Tunataka mahali, saa na silaha tu, kwa ruhusa ya msimamizi wa kituo, mara moja kwa mwezi. Wale wahudumu wa jamii, CHP, zaidi ya 100,000 nchini waliopewa vifaa tangu Septemba 2023, wanapita nyumba kwa nyumba wakipima presha na sukari. Hao wanajua ni nyumba ipi mama hatoki nje kwa sababu ya uso uliovimba. Tuwape nao mahali pa kuyapeleka hayo, bila jina, kabla hayajawa mazishi.

Kwa nini leo, kwa nini nisingoje? Fungueni kalenda. Uchaguzi ni Agosti 2027. Kila mtu wa Kisumu mwenye umri wangu anakumbuka 2007 na 2017. Mnajua mitaa itakayofungwa, mnajua vijana watakaoitwa na watu wasiowajua, mnajua nani atawatumia polisi. Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa hivi ufa ni mdogo, ni ugomvi wa wavu, ni wa stendi, ni wa mtu na mkewe. Tukijifunza kuuliza na kuandika sasa, wakati foleni ni ya kawaida, siku ile mbaya ikija mikono itakuwa imezoea. Tukingoja mpaka siku ile, hakuna atakayeulizwa kitu, itakuwa ni kubeba watu tu.

Na kuna methali nyingine: mficha maradhi, kifo humfichua. Hii fujo yetu tumeificha kwenye rejista kwa miaka, chini ya neno moja, jeraha.

Pale kwenye meza karibu na mlango nimeweka madaftari ya shule, yale ya kurasa 48. Kila moja nimelichora safu tatu kwa mkono wangu: wapi, saa ngapi, kwa nini kitu gani. Hakuna safu ya jina. Sihitaji vituo vyote. Nikipata vitatu tu vitakavyokubali kujaza mwezi mmoja, mwezi ujao tutarudi hapa hapa, tuyafungue pamoja, tuone anwani ipi imejirudia. Kisha tutakwenda kwenye anwani hiyo sisi wenyewe, kwa miguu, kabla ya kidonda kingine.

Yule mtoto wa mama yangu mdogo alijua niko hapa leo. Nilimuuliza angetaka niwaambie nini. Akaniambia, waambie tu kwamba yule muuguzi angeniuliza, ningemwambia.